Filamu Hii ni ya Mwaka Gani? Tathmini ya Shajara ya Filamu kwa Mtunga Orodha

Kwa miaka minne mfululizo nimekuwa nikiweka kumbukumbu ya kila filamu ninayoitazama katika huduma moja ya mtandaoni ya shajara ya filamu, mojawapo ya zile ambazo mtu hufungua akaunti, hutafuta jina la filamu, huandika tarehe aliyoitazama, huipa nyota na, akipenda, huacha maneno machache ya maoni. Miaka miwili ya kwanza nilitumia ngazi ya bure, na miwili iliyofuata nimelipia usajili, kwa sababu ngazi ya kulipia ndiyo inayotoa takwimu za mwaka na nafasi ya kutunga orodha zenye vichujio. Sitaitaja huduma hiyo kwa jina, kwa kuwa ninalolalamikia linatokana na uamuzi uliofanywa na huduma nyingi za aina yake, na msomaji anayetumia nyingine huenda akajikuta katika mkasa ule ule. Wala sitazungumzia rangi za kurasa, kasi ya programu au mabishano ya watumiaji wake. Ninaipima kwa kazi moja tu, ambayo ndiyo iliyonifanya nilipie: je, inamfaa mtu anayetaka kutunga orodha ya filamu bora za mwaka, na kuilinganisha na orodha za wahakiki na uamuzi wa watoa tuzo?

Jaribio langu la kwanza kwa huduma yoyote ya namna hii ni lile lile. Ninafungua kichujio cha mwaka, ninaandika 2009, kisha ninatafuta The Hurt Locker ya Kathryn Bigelow, filamu iliyotwaa Oscar ya filamu bora kwa mwaka huo. Haipo. Ninarudi nyuma hadi 2008, na hapo inajitokeza, picha yake ya tangazo ikiwa na tarakimu 2008 pembeni ya jina kana kwamba ni sehemu ya jina lenyewe. Sababu ni kwamba ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Venice mnamo Septemba 2008, ikaingia katika majumba ya sinema ya Italia mwezi uliofuata, na Wamarekani hawakuanza kukata tiketi za kuiona hadi Juni 2009. Tuzo nayo ilitolewa Machi 2010. Ukifungua sehemu ya tuzo katika ukurasa huo huo, utakuta imeandikwa "Oscar 2010". Kwa hiyo filamu moja ina miaka mitatu kwenye ukurasa mmoja, na hakuna hata mmoja ambao ni wa uongo: 2008 ni mwaka ilipozaliwa hadharani, 2009 ni mwaka ilipostahiki, na 2010 ni mwaka wa sherehe. Tatizo ni kwamba ule wa katikati, ambao ndio mtunga orodha anauhitaji, hauonekani popote mpaka uutafute.

Mkanganyiko wa filamu hii haukuishia hapo. Waigizaji wake Jeremy Renner na Anthony Mackie walikuwa wamekwisha kuteuliwa katika tuzo za Independent Spirit, za filamu huru, zilizotolewa Februari 2009, miezi minne kabla ya filamu kutoka Marekani, na mwaka mmoja mzima kabla ya Oscar kuifikiria. Watoa tuzo wawili wa nchi moja waliitazama kazi ile ile wakaiweka katika miaka miwili tofauti, kila mmoja kwa kufuata kanuni zake.

Nilipowaandikia wahudumu wa shajara hii kuuliza wanatumia kanuni gani, nilijibiwa baada ya siku mbili, kwa lugha ya heshima, kwamba mwaka wa filamu ni mwaka wa onyesho lake la kwanza la hadhara mahali popote duniani, tamasha likiwemo. Nakiri kuwa kanuni hiyo ina mantiki. Hifadhidata inayotumiwa na watu wa nchi mbalimbali haiwezi kumpa kila mtazamaji mwaka wake katika anwani ya ukurasa, na tarehe ya kwanza ndiyo tarehe pekee isiyobadilika kadiri filamu inavyosambaa. Kwa mtu wa maktaba, au kwa mwanahistoria anayetaka kujua nani alitangulia kubuni mtindo fulani, hiyo ndiyo tarehe ya kuaminika zaidi. Mtunga orodha ana swali jingine. Yeye anauliza: mwaka huu, watu walioingia sinema au waliowasha runinga zao walipata kuona nini?

Desemba 2024 ndipo nilipoyaonja machungu ya kanuni hiyo. Nilikuwa nimekamilisha orodha yangu ya filamu 10, nikaibandika lebo ya mwaka 2024, na mara huduma ikaniletea ujumbe mwekundu kwamba filamu tatu kati ya hizo si za mwaka huo na hazitahesabiwa katika kura ya pamoja ya watumiaji. Zilikuwa La Chimera ya Alice Rohrwacher, Evil Does Not Exist ya Ryusuke Hamaguchi, na Hit Man ya Richard Linklater. Ya kwanza ilionyeshwa Cannes Mei 2023, na hizo mbili zilionyeshwa Venice Septemba 2023. Lakini La Chimera ilitoka Marekani Machi 2024 na Uingereza Mei 2024. Evil Does Not Exist ilifika Marekani Mei 2024. Na Hit Man iliingia Netflix Juni 2024. Nilirudi kwenye orodha yangu ya 2023 kuona kama ningeweza kuziingiza huko, nikakuta kura ya mwaka huo ilikwisha kufungwa tangu Januari 2024, kabla hata moja ya hizo tatu haijanifikia. Wakati kura ya mwaka wao ikiendelea sikuwa na njia ya kuziona, na nilipoziona mwaka wao ulikuwa umepita. Filamu tatu nilizozipenda kuliko karibu zote zikawa hazina mwaka wa kupigiwa kura.

Lilinisikitisha kuliko nilivyotarajia. Filamu ndogo, inayozungumza lugha isiyo ya Hollywood, ndiyo hasa inayopita njia hii ndefu ya tamasha mwezi Mei, kununuliwa na msambazaji baadaye, na kuingia sinema mwaka unaofuata. Filamu yenye bajeti kubwa haipatwi na hilo, maana onyesho lake la kwanza na siku ya kuanza kuuzwa tiketi hutengana kwa siku chache tu. Kwa hiyo kanuni inayoonekana kuwa sawa kwa wote huziumiza zile zile ambazo orodha za mwisho wa mwaka zingeweza kuzisaidia zijulikane.

Ili kueleza kwa nini nadhani huduma ingeweza kufanya vizuri zaidi, inanibidi nieleze jinsi Akademi ya Marekani, inayotoa tuzo za Oscar, inavyolishughulikia jambo hili, kwa sababu kanuni zake, pamoja na ukali wake, zinaeleweka. Kwa Oscar, mwaka wa filamu hauamuliwi na tamasha. Filamu inayozidi dakika 40 inatakiwa ionyeshwe kibiashara, kwa watazamaji wanaolipa, kwa siku 7 mfululizo kati ya Januari 1 na Desemba 31, katika jumba la sinema lililo ndani ya angalau eneo moja kati ya sita: Los Angeles, New York, eneo la Ghuba ya San Francisco, Chicago, Atlanta, na Dallas pamoja na Fort Worth. Kila siku yawepo maonyesho yasiyopungua matatu, na mojawapo lianze kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, ili msambazaji asije akaificha filamu saa ya mchana ambapo hakuna mtu. Kuanzia filamu za 2024, inayowania tuzo ya filamu bora inatakiwa pia iongeze siku 7 nyingine katika masoko 10 kati ya 50 makubwa ya nchi hiyo, ndani ya siku 45 tangu ilipoanza. Matokeo yake yanaonekana katika orodha rasmi ya filamu zinazostahiki ambayo Akademi huitoa kila Januari. Kwa mwaka 2023 filamu 321 zilistahiki kwa jumla na 265 ziliweza kuwania tuzo ya filamu bora. Kwa mwaka 2024 zilistahiki 323, lakini zilizobaki kwa tuzo hiyo kuu zilikuwa 207.

Mtu anaweza kuzilaumu kanuni hizo kwa kuufanya ulimwengu mzima uishi kwa kalenda ya miji sita, na mimi ni mmoja wa wanaozilaumu. Hata hivyo zina fadhila moja ambayo shajara yangu haina, nayo ni kwamba zinatofautisha kuonyeshwa na kutolewa. Na zimekuwa zikifanya hivyo tangu zamani. Casablanca ilionyeshwa New York Novemba 26, 1942, ikiharakishwa kwa sababu majeshi ya Washirika yalikuwa yametua Afrika Kaskazini mapema mwezi huo na jina la Casablanca, mji wa huko, lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Iliingia katika majumba ya sinema kwa jumla Januari 1943, na kwa kuwa wakati huo Akademi ilitazama Los Angeles pekee, ikahesabiwa kuwa ya 1943 na kutwaa tuzo ya filamu bora katika sherehe ya Machi 1944. Shajara yangu inaiandika 1942. Atakayetaka kuorodhesha washindi wa Oscar kwa kutumia kichujio cha mwaka ataukuta mwaka 1943 hauna mshindi.

Mfano ulio mkali kuliko wote ni Limelight ya Charlie Chaplin. Ilitoka 1952, mwaka ambao Chaplin, akiwa safarini kwa meli kuelekea London kuizindua, alifutiwa kibali cha kurudi Marekani kwa sababu za kisiasa. Majumba mengi ya sinema ya nchi hiyo yakaigomea, na haikuonyeshwa Los Angeles kwa namna inayotimiza masharti hadi 1972. Machi 1973 muziki wake ulipewa Oscar, miaka 20 baada ya kutungwa, wakati wenzake wawili waliotunga pamoja naye, Raymond Rasch na Larry Russell, walikuwa wamekwisha kufariki. Katika shajara yangu, tuzo hiyo imebandikwa kwenye filamu ya 1952 bila neno hata moja la maelezo, na mtumiaji asiyejua kisa hiki atadhani kuna mtu alikosea tarakimu.

Sasa niseme lililo zuri, maana lipo na ni kubwa. Chini kabisa ya ukurasa wa kila filamu kuna kiungo kidogo cha rangi ya kijivu kinachofungua jedwali la tarehe zote za kutolewa. Jedwali hilo lina safu ya nchi, safu ya tarehe, na alama ndogo inayoonyesha aina: tamasha, sinema chache, sinema kwa jumla, mtandaoni, diski, runinga. Nililijaribu kwa City of God ya Fernando Meirelles na Kátia Lund, nikalikuta halina kosa nililoweza kuligundua: Cannes Mei 2002, Brazili Agosti 2002, Marekani Januari 2003. Mwenye kusoma jedwali hilo anaweza kujieleza mwenyewe jambo ambalo limewashangaza watu kwa muda mrefu, yaani jinsi filamu ambayo Brazili iliipeleka kuwania tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni na ikaachwa, ilivyorudi mwaka uliofuata ikiwa na uteuzi wa mambo manne, pamoja na uongozaji na uandishi. Njia mbili za kuingia Oscar zina saa mbili tofauti. Ya kwanza huhesabu tarehe filamu ilipotoka nchini mwake, na ya pili huhesabu tarehe ilipotoka Marekani.

Alama ya aina ya kutolewa nayo ina thamani yake. The Last Seduction ya John Dahl ilirushwa kwanza na kituo cha HBO mnamo 1994 kabla ya kuingia sinema mwaka huo huo, na kwa mpangilio huo ikapoteza haki ya kuwania Oscar, ingawa wahakiki wa New York walimchagua Linda Fiorentino kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Mwaka haukuwa na utata wowote, kwani kila kitu kilitokea 1994. Kilichoiponza ni mpangilio wa runinga na sinema, na jedwali la shajara hii linauonyesha waziwazi.

Kinachoniudhi, basi, ni kwamba data ipo. Huduma imekusanya tarehe, nchi na aina, imezipanga vizuri, kisha ikazifungia katika jedwali ambalo kichujio hakiwezi kulifikia. Huwezi kuiambia, "Nionyeshe filamu zote zilizoanza kuonyeshwa sinema Marekani mwaka 2009." Huwezi kuiambia, "Nionyeshe nilizotazama mwaka huu ambazo zilitoka mahali popote mwaka huu." Kichujio kinajua mwaka mmoja tu, ule wa tamasha. Nilipouliza, nilielezwa kwamba utafutaji wa aina hiyo ungelemea mitambo yao. Sina utaalamu wa kulipinga hilo, lakini ninalipia ngazi inayotangazwa kuwa ni ya watu wanaozichukulia orodha kwa uzito, na hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho watu hao watakihitaji.

Upande wa filamu za kimataifa hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Akademi yenyewe hutumia kipindi kisicholingana na kalenda ya kawaida. Kwa sherehe ya Machi 2025, filamu iliyopelekwa na nchi yake ilitakiwa iwe imetoka huko kati ya Novemba 1, 2023 na Septemba 30, 2024. Mwaka mmoja nyuma, Perfect Days ya Wim Wenders, iliyoiwakilisha Japani, iliteuliwa Januari 2024, siku chache kabla ya kuanza kusambazwa Marekani mwezi Februari, kwa hiyo Wamarekani wengi walioiweka katika orodha zao waliiweka katika ile ya 2024, wakati kinyang'anyiro chake kilikuwa kimekwisha. Wasomaji wa Kiswahili wana mfano ulio karibu nao zaidi: Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, na Tanzania ikaiwasilisha kwa ajili ya Oscar za Machi 2023. Shajara inaiandika 2021. Kwa mtu anayetaka kujua ilishindana na zipi, tarakimu hiyo inampeleka kwenye kundi lisilo lake.

Zamani mianya hiyo iliruhusu hata filamu moja kurudi ulingoni mara mbili. The Emigrants ya Jan Troell iliteuliwa kwa tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni katika sherehe ya 1972, na katika sherehe ya 1973 ikateuliwa tena, safari hii kwa filamu bora yenyewe na kwa uongozaji, baada ya kutoka Marekani. Amarcord ya Federico Fellini ilishinda kama filamu ya kigeni mwaka mmoja, na mwaka uliofuata Fellini akateuliwa kwa kuiongoza. Shajara imezikusanya teuzi zote za filamu moja katika kisanduku kimoja, bila kutenganisha sherehe. Nililazimika kuzihesabu kwa kidole.

Halafu kuna ule mwaka ambao kila mtu alichanganyikiwa. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga sinema, Akademi ilisogeza mwisho wa kipindi cha kustahiki kutoka Desemba 31, 2020 hadi Februari 28, 2021, na ikakubali kwa muda filamu zilizokusudiwa kwa sinema zianzie mtandaoni. Nomadland ya Chloé Zhao, iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, Septemba 2020, ilitoka rasmi Marekani Februari 19, 2021 na ikashinda Oscar Aprili 2021. Judas and the Black Messiah ilionyeshwa na kutolewa yote mawili Februari 2021, lakini ikashindana na filamu za 2020. Kipindi kilichofuata kikabaki na miezi 10 tu, Machi hadi Desemba. Haikuwa mara ya kwanza kalenda kupindishwa, maana tuzo za kwanza kabisa zilihesabu kuanzia Agosti 1, 1927 hadi Julai 31, 1928, na zile za sita zilijumuisha miezi 17, kutoka Agosti 1932 hadi mwisho wa 1933, ili hatimaye zilingane na mwaka wa kalenda. Katika ukurasa wa shajara unaoitwa "Mwaka wa tuzo", ambao watumiaji wa kulipia huuona, vipindi vyote vimekatwa kwa Januari na Desemba. Judas and the Black Messiah imewekwa pamoja na washindani wa sherehe ya 2022, ambao haikushindana nao hata siku moja. Niliripoti kosa hilo. Baada ya wiki tatu lilirekebishwa kwa filamu hiyo moja, lakini ukurasa wenyewe bado unakata pale pale.

Wahakiki nao wana desturi zao, na huduma nzuri ingezifahamu. Wengi wa wale wa New York huhesabu filamu zilizofunguliwa kibiashara mjini kwao, ndiyo maana Army of Shadows ya Jean-Pierre Melville, iliyotoka Ufaransa 1969, iliweza kuchaguliwa na chama chao kuwa filamu bora ya kigeni ya 2006, mwaka ilipofika Marekani kwa mara ya kwanza, Melville mwenyewe akiwa ameshafariki tangu 1973. Jarida la Film Comment lilitafuta njia ambayo naiona ni ya haki sana: lilitoa orodha mbili, moja ya filamu zilizosambazwa mwaka huo na nyingine ya zile zilizoonekana katika matamasha lakini hazijapata msambazaji. Waingereza hujikuta mara kwa mara nyuma kwa wiki chache zenye athari kubwa. Poor Things na The Zone of Interest zilitoka Marekani Desemba 2023, lakini Uingereza ya kwanza ilifika Januari 2024 na ya pili Februari 2024. Ukisoma orodha za nchi hizo mbili bila kulijua hilo, utadhani wahakiki wake wanapishana ladha kwa mwaka mzima, ilhali wanapishana tarehe tu.

Desemba ndio mwezi unaostahili kutazamwa kwa makini zaidi, na hapa huduma imenikosea kwa njia nyingine. Wasambazaji hupenda kuiachia filamu wiki ya mwisho ya mwaka katika miji miwili tu ili itimize masharti ya Oscar, kisha kuisambaza nchi nzima Januari, wakitumaini wapiga kura watakuwa bado wanaikumbuka. Mara nyingine hesabu hiyo huwageuka. Selma ya Ava DuVernay ilianza Desemba 25, 2014, na nakala za kutazama nyumbani hazikuwafikia kwa wakati wanachama wa vyama vya waigizaji, waongozaji na watayarishaji. Vyama hivyo havikuiteua, na Oscar ikaipa uteuzi wa filamu bora na wa wimbo tu. Upande wa pili, zipo zilizotoka mapema na bado zikakumbukwa: The Silence of the Lambs ilitoka Februari 1991 na ikashinda Oscar zote tano kubwa (filamu, uongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na uandishi) mwaka mmoja baadaye, na Everything Everywhere All at Once ilitoka Machi 2022 ikashinda Machi 2023.

Kura ya watumiaji wa shajara hii hufunguliwa Desemba 1 na kufungwa wiki ya kwanza ya Januari. Maana yake ni kwamba filamu iliyoonyeshwa katika jumba moja la Los Angeles kuanzia Desemba 25 inapigiwa kura na wachache walioiona, inashika nafasi ya chini kwa kukosa idadi, na inapofika kwa watu wengine Februari huwa haina tena pa kupigiwa. Nimetazama matokeo ya miaka yote minne niliyokuwa mtumiaji, na nafasi za juu zimejaa filamu zilizotoka kati ya Machi na Oktoba kwa mtandao mkubwa wa sinema. Nikiwa mwanachama anayelipa, nilipendekeza mambo mawili. La kwanza, kura ifungwe mwisho wa Machi. La pili, kila mtumiaji achague mwenyewe nchi ambayo tarehe zake ndizo zitakazoamua mwaka wa filamu katika kura yake, kwa kuwa jedwali la tarehe lipo tayari. La kwanza walisema watalifikiria. La pili walisema lingefanya matokeo ya nchi mbalimbali yasilinganike, na hapo sikubaliani nao hata kidogo, kwani hayalinganiki hata sasa, ila tu kutolingana kwake kumefichwa.

Kwa uwekaji wa kumbukumbu za kila siku ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano bila kusita. Jedwali lake la tarehe peke yake lina thamani ya kufungua akaunti, na linapatikana hata katika ngazi ya bure. Kwa kutunga orodha za mwaka na kufuatilia tuzo ninaipa mbili, na simshauri mtu alipie kwa ajili ya hilo.

Mimi sasa ninafanya hivi. Kila filamu ninayoiandika ninaibandika lebo tatu za mkono katika sehemu ya maoni: mwaka wa tamasha, mwaka wa kutoka, na mwaka nilioiona. La Chimera ina 2023, 2024, 2024. Casablanca, niliyoitazama tena wiki iliyopita, ina 1942, na kwenye lebo ya pili niliandika 1943 baada ya kufungua jedwali na kuhakikisha. Kazi hiyo inanichukua kama dakika moja kwa kila filamu. Nimefika ya 212 kati ya zote nilizoziweka tangu nianze, na usajili wangu utakapokwisha Machi nitarudi ngazi ya bure, ambako lebo hizo, nimeshajaribu, hutafutika vizuri vile vile.